Siku Tatu za Bure Guangzhou

SWALI: Oktoba naenda Guangzhou, China, kwenye maonyesho ya biashara ya Canton Fair, awamu ya kwanza ya vifaa vya umeme na ya pili ya vyombo vya nyumbani. Katikati nina siku 3 bila kazi. Wenzangu wa Kariakoo wanasema mji ule ni maghala matupu, bora nilale hotelini. Kweli hakuna cha kuona? Na wenyeji wakoje kwa mgeni? – *Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Usilale. Tarehe 20 hadi 22 kumbi za maonyesho za Pazhou zinabomolewa vibanda na kujengwa vingine, basi wewe geuka, ufuate mto. Mji huu umekaa juu ya Zhujiang, yaani Mto wa Lulu, na sehemu zake nzuri ziko ukingoni.

Anza na chai. Wenyeji huita *yum cha*, "kunywa chai", nao wanamaanisha kama sisi: mtu akisema amekunywa chai, ujue na vitafunio vimo. Fika kabla ya saa 3 asubuhi, maana wazee huwahi meza. Pakijaa utakalishwa na watu usiowajua, na hilo ni jambo la kawaida. Utaulizwa aina ya chai. Sema *pu'er* kama tumbo lako halipendi chai kali. Maji ya kwanza ya birika si ya kunywa. Yamimine kwenye vikombe, bakuli na vijiti, suuza, kisha yamwage kwenye bakuli kubwa lililowekwa mezani. Wageni wengi huyanywa, meza ya pili ikacheka kimyakimya.

Jirani akikumiminia chai, gonga meza mara mbili tatu kwa ncha za vidole viwili: ndiyo ahsante yao, nawe huna haja ya kumkatiza maneno. Birika likiisha usipunge mkono, funua kifuniko ukiache upande. Mhudumu akiona ataongeza maji. Agiza *ha gau* (kamba ndani ya unga mwembamba unaoonyesha ndani) na *cheung fan* (mkate laini wa mchele wenye sosi ya soya). Kwenye bili utaona malipo ya chai kwa kila kichwa. Hujaibiwa, ndivyo wanavyohesabu.

Mchana panda metro hadi Huangsha, uvuke daraja dogo kuingia Shamian, kisiwa walichopewa Waingereza na Wafaransa baada ya vita vya kasumba. Majengo yao ya mawe yamebaki chini ya mibanyani mikubwa. Kutoka hapo tembea kuelekea mashariki ukingoni. Mtaa mmoja ndani kuna kanisa kuu la mawe matupu ya matale, lililomalizwa 1888. Endelea, pita Daraja la Haizhu la 1933, ufike gati la Tianzi jioni taa zikiwaka. Hapo kuna boti za watalii na vivuko vya abiria vya yuan chache. Kama unataka upepo na mandhari tu, kivuko kinatosha. Mnara wa Canton, mita 600, unapendeza zaidi ukitazamwa kutoka majini kuliko kuupanda, hasa siku ya ukungu: utalipia kuona weupe.

Maneno mawili yatakufungulia milango. *Mgoi* ni ahsante ya huduma, *doje* ni ahsante ya zawadi. Ukiyachanganya watakurekebisha huku wakicheka.

SWALI: Chakula cha halali nitapata wapi, na Ijumaa niswali wapi? – *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Tafuta maandishi 清真 mlangoni. Migahawa ya tambi za kuvutwa kwa mkono na supu ya ng'ombe imejaa Xiaobei, mtaa wa Waafrika na Waarabu. Kwenye migahawa ya *yum cha* jihadhari: hata *ha gau* ya kamba mara nyingi hutiwa mafuta ya nguruwe. Ijumaa nenda Msikiti wa Xianxian, karibu na kituo cha metro cha Yuexiu Park, penye kaburi linalonasibishwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Huaisheng nao ni mkongwe. Mnara wake wa mita 36 uliwahi kuongoza meli.

SWALI: Nibebe dola taslimu? – *Msomaji, Kampala*

JIBU: Kidogo, za dharura. Watu hulipa kwa simu. Kabla ya kuondoka nyumbani pakua Alipay, programu ya malipo ya Kichina, unganisha kadi ya Visa au Mastercard, na uthibitishe pasipoti. Ukisubiri ufike, ujumbe wa benki wenye namba ya siri huenda usiingie. Malipo yanayozidi yuan 200 hukatwa ada ya 3%. WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti ya hoteli, ila laini yako ya nyumbani ikiwa imewashwa rominga hufanya kazi. Anwani ya hoteli iwe kwenye karatasi kwa Kichina, dereva wa teksi hasomi herufi zetu. Na pawabenki usiiache chumbani: simu ikizima huna pesa, huna ramani, huna mkalimani.