Uliza Kocha: Mwanasoka, Bondia na Mkimbia Marathoni, Nani Yuko Fiti Zaidi?

SWALI: Shikamoo kocha. Niko Uyole, Mbeya, nacheza beki wa kushoto timu ya mtaani. Kijiweni kwetu kuna ubishi hauishi, jamaa yangu anakimbia marathoni, kila asubuhi anapandisha Kawetele, anasema sisi wa mpira hatuna pumzi maana tunakimbia tunasimama. Mwingine anapiga ngumi, naye anasema yeye ndo mwisho. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kila mmoja wenu anapima kwa mchezo wake, ndo maana hamuelewani. Kwa pumzi peke yake huyo wa marathoni anawaacha mbali, hilo mkubali tu. Kuna kipimo cha maabara kinaitwa VO2 max, kinaangalia mwili unatumia mililita ngapi za oksijeni kwa kila kilo ya uzito wako kwa dakika ukijituma mpaka mwisho, wanasoka wa kulipwa wengi wako kwenye 55 mpaka 65, wakimbiaji wakubwa wa masafa marefu wanapita 70 na wengine wanagusa 80.

Ila sasa mpe huyo jamaa jezi namba tatu. Mchezaji wa kulipwa kwenye dakika 90 anakimbia kama kilomita 10 mpaka 12, kwa mtu wa marathoni hiyo ni kidogo sana, lakini zinakimbiwaje? Unapanda na winga, krosi inakatwa, unageuka unarudi mbio kumfukuza mtu, unaruka kichwa, unadondoka, unainuka, mapigo ya moyo hayajatulia mpira huo tena upande wako. Anayekimbia mwendo mmoja masaa mawili miguu yake haijazoea kufunga breki na kuondoka upya namna hiyo, misuli ya nyuma ya paja itamwambia mapema tu.

Na bondia msimdharau. Raundi 12 za dakika tatu tatu, mapumziko dakika moja, mikono iko juu muda wote na bado unapigwa za mbavu. Mabega yakichoka ulinzi unashuka, hapo pumzi ya Kawetele haikusaidii kitu.

Mkinilazimisha nitaje mmoja, mimi nawapa watu wa dekathloni, michezo 10 kwa siku mbili, kukimbia, kuruka, kurusha. Kevin Mayer wa Ufaransa mwaka 2018 alipata pointi 9,126, rekodi ya dunia, mita 100 akakimbia kwa sekunde 10.55 wakati Usain Bolt ana 9.58, na mita 1500 akamaliza kwa 4:36.11 wakati Filbert Bayi wetu alikimbia 3:32.16 kule Christchurch mwaka 1974. Kwa Bolt anapigwa, kwa Bayi anaachwa karibu raundi nzima ya uwanja, lakini huyo huyo karuka upondo mita 5.45 na karusha mkuki mita 71.90. Kwangu mimi huo ndo ufiti uliokamilika.

SWALI: Kocha, eti timu za Dar zikija uwanja wa Sokoine hapa Mbeya zinahema sababu ya baridi?

JIBU: Baridi inasingiziwa. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kila ukivuta unapata oksijeni pungufu kuliko pwani. Mtu aliyezoea mwili wake umeshaongeza chembe nyekundu za damu, mgeni wa jana bado. Olimpiki ya Mexico 1968, mita 2,240 juu, watu wa mbio ndefu waliteseka sana ila Kipchoge Keino aliyetoka milimani Kenya akachukua dhahabu ya mita 1500, na hewa hiyo hiyo nyepesi, maana haimzuii sana mtu mwenye kasi, ikambeba Bob Beamon wa Marekani kwenye kuruka umbali, akaruka mita 8.90. Kwahiyo mgeni mwenye mbio fupi mchungeni dakika za mwanzo, halafu ongezeni kasi kipindi cha pili.