Peji moja imehama, zingine zote zimekufa

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Namtengenezea ajenti mmoja websaiti ya nyumba za kupangisha hapa Mombasa, kila mtaa una peji yake na nyumba ziko chini yake, mfano /kisauni/kongowea/vyumba-viwili. Kwa databezi kila peji nimeiandikia njia nzima. Juzi mwenye kazi akasema Kongowea iko Nyali, si Kisauni, nikabadilisha ile peji ya Kongowea, basi zote za chini yake zikawa 404, yaani peji haipatikani. Ndio nizibadilishe moja moja?
Msomaji, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam. Moja moja usithubutu, mwezi ujao atakwambia uhamishe Bamburi. Kila peji iandikie namba ya mzazi wake, yaani ile peji iliyo juu yake, na kijina chake tu, yaani "kongowea" basi. Njia nzima usiifute, manake mtu akifungua peji unaipata kwa kwiri moja, yaani kuiuliza databezi mara moja, badala ya kupanda kutoka mtoto hadi mzazi, lakini iwe inatengenezwa na koudi, si mtu kuiandika. Ukihamisha Kongowea unabadilisha namba ya mzazi na njia yake yenyewe, halafu koudi inachukua zote zinazoanza na kisauni/kongowea/ inazibadilishia ule mwanzo.

Huo mkwaju (/) wa mwisho usiuache! Ukiandika LIKE 'kisauni/kongowea%', ile % ikiwa ni chochote kinachofuata, utazoa na kisauni/kongowea-sokoni ambayo haikuhusu. Na REPLACE tupu, ile amri ya kubadilisha maneno, pia siipendi, inabadilisha popote inapoyakuta hayo maneno hata katikati ya njia, bora ukate ule mwanzo kwa SUBSTRING, amri ya kuchukua kipande cha maneno, ubandike mpya. Yote iwe ndani ya transaksheni moja, yaani ama zote zibadilike ama hata moja isibadilike, stima ikipotea katikati usibaki na nusu Kisauni nusu Nyali.

Linki za zamani je? Wapangaji washatumiana WhatsApp, Google nayo inazo. Fungua tebo ya njia za zamani, kila njia na namba ya peji yake, mtu akija na ya zamani seva inamtuma kwenye njia ya sasa kwa 301, yaani peji imehama moja kwa moja. Weka namba ya peji, si njia mpya, ndio ikihama tena usiwe unamrusha mtu mara mbili tatu. Na koudi ikatae kuweka peji chini ya mtoto wake mwenyewe, itazunguka hapo mpaka seva ikwame.

Lakini mimi ningekuuliza, hiyo Kisauni ama Nyali kwa linki ni ya nini? Mpangaji anatafuta Kongowea. Ungeanza na /kongowea/vyumba-viwili hii shida yote isingekuwepo.