Mchoro wa nyumba upimeni kwa kamba kabla hamjaukubali

"Jeneza litageukia wapi?"

Aliyeuliza ni mzee mmoja wa mtaani kwetu, kakaa nyuma kabisa karibu na mlango, mkongojo mapajani. Mbele ukutani palibandikwa mchoro mkubwa: nyumba za ghorofa tatu, rangi ya samli, na miti ambayo hapa Malindi sijapata kuiona. Kijana aliyeuleta mchoro alidhani hakusikia sawasawa.

"Samahani, babu?"

"Nasema hivi, mwanangu. Mtu akifa huko juu, jeneza litashuka vipi? Hiyo ngazi yenu ina kona. Mimi naona haligeuki. Au maiti wetu atashuka kwa miguu?"

Ukumbi mzima ulicheka. Kijana naye akacheka kwa adabu, kisha akaugeukia mchoro wake akautazama kwa muda mrefu, na mimi niliyekuwa naandika kumbukumbu za mkutano nikajua swali limempata.

Asubuhi nauza mahamri na mbaazi, na kwa miaka minne nilikuwa katibu wa kamati ya mtaa. Mtaa wenyewe siutaji, wala mradi wala waliouleta, maana mengine hayajesha. Lakini siku hizi kila wiki nasimamishwa njiani na mtu: "Dada, na sisi tumeletewa mchoro, tufanyeje?" Nimechoka kuyarudia mdomoni. Haya hapa, someni.

La kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: msiukubali wala msiukatae mchoro mkiwa mmekaa kwenye viti. Karatasi hudanganya. Chumba kidogo kwenye karatasi huonekana kikubwa, hasa kikichorwa na kitanda kidogo kama cha mtoto. Sisi baada ya swali la mzee tulinunua kamba ya katani, tukaifunga fundo kila mita moja, tukaomba chokaa kwa fundi, na Jumamosi jioni tukaichora nyumba nzima chini kwenye uwanja wa mpira, kwa ukubwa wake hasa. Milango, madirisha, ngazi, vyote. Watoto walidhani ni mchezo mpya.

Kisha tukaleta vitu. Kitanda cha futi nne kwa sita kilipoingia chumbani, mlango ukawa haufunguki wote. Kabati likabaki nje. Jikoni alikaa jirani yangu na mbuzi yake ya kukunia nazi, akanyoosha miguu kama anavyokaa kila siku ya Mungu, nyayo zikavuka mstari wa chokaa zikaingia nyumba ya pili. "Basi nitamkunia na jirani," akasema. Kwa jeneza tukachukua ngazi ya fundi, ya urefu unaokaribia jeneza la msikitini, wanaume wanne wakaibeba mabegani. Kwenye kona wakasimama. Wakarudi nyuma, wakainua upande mmoja, wakajaribu tena. Haikupita ila kwa kusimamishwa wima, na hapo hakuna aliyecheka.

Yule kijana wa mchoro tulikuwa tumemwalika, akaja peke yake bila shati la kazi. Alipiga picha, akaandika vipimo. Mchoro uliorudi miezi miwili baadaye ulikuwa na ngazi pana na sehemu ya kugeukia iliyoongezwa. Sisemi wachoraji wote ni kama yeye. Ila nimejifunza kwamba wengi wao hawana ubaya, ni kwamba hawajapata kuishi kwenye nyumba kama zetu, na hakuna aliyewaonyesha.

Maana nyumba yetu ya Kiswahili mnaijua. Ujia katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, mbele baraza, nyuma ua wenye jiko, choo na kisima. Kila chumba kina mpangaji wake. Mtu akiihesabu kwa kalamu ataandika vyumba sita. Lakini maisha hayapo vyumbani, humo ni kulala tu na kuweka vitu. Kupika, kufua, kusuka nywele, kulea mtoto wa jirani aliyekwenda hospitali, yote ni ua. Kuuza bajia, kusubiri magazeti, kupatanisha mume na mke, hilo ni baraza. Ukimpa mtu huyu vyumba viwili safi ghorofani vyenye choo ndani ukamnyima ua na baraza, umemwongezea kwa mkono mmoja na kumpokonya kwa mwingine. Kwa hiyo mkiitwa kwenye mkutano, muulizie zaidi vilivyo nje ya nyumba kuliko vilivyo ndani. Vigae mwenye mchoro atakuonyesha mwenyewe bila kuulizwa.

Wapo wanaosema ua ni mambo ya kizamani, mji wa kisasa hauna ua. Waambieni waitazame Vienna, mji mkuu wa Austria, ambako serikali ya mji imejenga nyumba za kupangisha kwa karne nzima. Jengo lao mashuhuri, Karl-Marx-Hof, lilifunguliwa mwaka 1930. Lina urefu unaozidi kilomita moja na nyumba karibu 1,400, lakini kilichojengwa ni chini ya robo ya kiwanja. Sehemu iliyobaki ni nyua na bustani. Ndani yake waliweka mahali pa kufulia, mabafu, shule za watoto wadogo, maktaba, zahanati. Watu bado wanaishi humo. Upande wa pili muwaambie habari za Pruitt-Igoe, mjini St. Louis, Marekani: majengo 33 ya ghorofa 11, yalikamilika katikati ya miaka ya 1950, na kufikia 1972 yakaanza kubomolewa. Ili kubana matumizi, lifti zilisimama ghorofa ya kwanza, ya nne, ya saba na ya kumi tu. Ukikaa ya sita, shuka au panda kwa miguu na mtoto mgongoni. Na matengenezo yalitegemea kodi ya wapangaji. Wapangaji walipopungua fedha ikakauka, na majengo yakaoza watu wakiwa ndani.

Ndiyo sababu nasema muulize mapema: bomba likipasuka mwaka wa tano, nani analipa? Taa ya ngazi ikiungua, balbu inanunuliwa na nani? Sisi tulipouliza tulijibiwa "kutakuwa na utaratibu". Nikaliandika jibu hilo kwenye kumbukumbu kama lilivyo, pamoja na jina la aliyelisema. Utaratibu ukaletwa mkutano uliofuata.

Sasa upepo. Sisi watu wa pwani tuna kusi na kaskazi, na nyumba isiyopokea upepo Machi ni tanuri. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, umesimama kwa kuta nene za mawe na chokaa, boriti za mikoko, na vichochoro vyembamba vyenye kivuli mchana kutwa. Wale wazee hawakuwa na feni. Sisemi tujenge nyumba za Lamu upya, mawe na mafundi hao wako wapi. Nasema dirisha lielekee upepo, na lingine liwe ng'ambo yake ili hewa ipite. Hili halina gharama likisemwa wakati wa mchoro. Likisemwa baada ya ukuta kupanda, ni fedha ya feni na umeme maisha yako yote.

Maji ni habari ndefu zaidi. Maji matamu ya bomba tunayapata Baricho, kwenye Mto Sabaki, na tunagawana na Kilifi na Mombasa. Yakikatika tunarudi visimani, na visima vyetu vingi vina chumvi. Chini yetu ni mwamba wa matumbawe wenye matundu kama sifongo: kinachoingia shimo la choo hakikai shimoni, kinasafiri. Kwenye nyumba ya vyumba sita, choo na kisima vikiwa ua mmoja, tayari ni hatari. Sasa pandisheni ghorofa, watu mia mbili mahali palipokuwa na thelathini. Majitaka yatakwenda wapi? Msikubali kuambiwa gari la kunyonya litakuja. Gari hilo nani atalilipa, litaingia kwa njia gani, litamwaga wapi? Maswali matatu, yaandikeni hivyo hivyo.

Na mfereji wa mvua ujengwe kabla ya nyumba. Kwetu ulikuwa mwishoni mwa orodha ya kazi, na cha mwisho ndicho huliwa bajeti ikipungua. Nyumba zikainuliwa juu ya kifusi, maji ya masika yakakosa njia yake ya zamani, yakaingia kwa majirani waliobaki chini. Nyumba ya somo yangu mmoja, ya fito na udongo, iliyeyuka upande mmoja kama sukari. Mfereji huo nitaurudia.

Kwenye mikutano mtasikia sheria zikitajwa kwa haraka. Mimi nilishika chache tu. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa, na sentensi hiyo hiyo inataja usafi wa mazingira. Vimewekwa pamoja, basi msikubali vitenganishwe: nyumba bila majitaka ni nusu ya haki. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inautaka mji uendeshwe kwa mpango jumuishi, yaani nyumba, barabara, maji, shule na soko vipangwe kwa pamoja, na wananchi washirikishwe. Ombeni nakala ya mpango huo, mtafute mtaa wenu umo ukurasa gani. Kama mradi mlioletewa haumo, ulizeni umetoka wapi. Halafu kuna Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, ile inayokata asilimia 1.5 ya mshahara. Humo nyumba za jamii zimewekewa wenye kipato chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Muuza mbaazi, mvuvi, dereva wa tuktuk wa kuajiriwa, wengi wetu tuko hapo. Ulizeni: katika nyumba hizi, ngapi ni za kundi hilo? Takeni nambari, si asilimia za baadaye.

Ardhi nayo msiipite. Mwambao huu una kidonda cha zamani. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wajitokeze kudai viwanja vyao ndani ya ukanda wa maili kumi kutoka baharini. Waliojua wakadai, wasiojua, wengi wao Wamijikenda, ardhi yao ikahesabiwa ya serikali. Hadi leo mtu anamiliki nyumba, kiwanja cha mwingine, analipa kodi ya ardhi kwa mwenyewe asiyemjua kwa sura. Mradi ukija, anayehesabiwa ni nani? Kule Voi, mtaa wa Tanzania-Bondeni, mwanzoni mwa miaka ya 1990 walichagua njia yao: ardhi ikashikwa na jamii kwa pamoja, kila mtu akamiliki nyumba yake. Nyumba unaweza kuiuza, ardhi huiuzi. Kwa kufanya hivyo tajiri hawezi kuja na mkoba akanunua mtaa mmoja mmoja. Njia hiyo ina ugumu wake, mikutano haiishi, lakini ijadilini kabla hamjakimbilia kila mtu hati yake.

Hesabu ya watu isimamieni wenyewe. Kwetu waliohesabu walikuja saa nne asubuhi. Wanawake wako sokoni, wavuvi wako baharini, wapangaji wako vibaruani, nyumbani wamebaki wenye nyumba na wazee. Orodha ikatoka na majina ya wenye nyumba tu, kana kwamba vyumba vitano vinavyobaki vina majini. Tulidai irudiwe baada ya magharibi, na mzee wa mtaa akapita nao mlango kwa mlango. Majina yakaongezeka zaidi ya mara tatu. Mpangaji asiyeandikwa siku hiyo hatakuwa na la kusema siku ya funguo.

Kidogo tu kuhusu mahali: ardhi ya bure mbali na mji si bure. Pigeni hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi kwa watu watano wa nyumba moja, siku 26 za mwezi, mlinganishe na kodi mnayolipa sasa. Mimi nilipiga nikaacha kulalamika kuhusu udogo wa jiko.

La mwisho ni karatasi. Maneno ya ukumbini hupeperuka. Maoni yaandikwe, yatiwe sahihi, yapelekwe kabla ya tarehe iliyo kwenye tangazo, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokewa. Bila muhuri hamkupeleka. Mkishindwa, ipo kamati ya kaunti ya kusikiliza rufaa za mipango ya ardhi, chini ya sheria ya 2019, na baada yake mahakama ya mazingira na ardhi. Rufaa inatakiwa ndani ya siku 14 tangu uamuzi utolewe. Barua yetu ya kwanza, ya ngazi na ua, ilifika mapema. Ya pili, ya rufaa kuhusu mfereji, nilikaa nayo nikingoja sahihi za watu wawili waliosafiri Lamu kwa harusi. Ilifika siku ya 16.