Wasomaji Wanauliza: Kazi Ipo, Pesa Haijaja

SWALI: Nina karakana ndogo Muscat. Nimepewa mkataba wa matengenezo ya viyoyozi katika kambi za mafuta, riali 6,000 kwa mwezi, malipo siku 90 baada ya ankara kukubaliwa. Gharama zangu zote ni 4,800. Wenzangu wanasema nitafilisika na faida yangu mkononi. Kweli?
Fundi, Muscat

JIBU: Wenzako wamepiga hesabu. Ukianza tarehe 1 Januari, ankara ya kwanza inatoka tarehe 31. Mkandarasi akikaa nayo wiki mbili kabla ya kuikubali, siku 90 zinaanza Februari 14 na pesa inaingia katikati ya Mei. Hapo umeshalipa mishahara, mafuta ya gari na vipuri vya miezi minne: riali 19,200. Kwa faida ya 1,200 kwa mwezi, hiyo ni faida ya miezi 16.

Halafu kuna VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Mauzo ya 72,000 kwa mwaka yamevuka 38,500, kiwango kinachokulazimu kujisajili. Asilimia 5 inadaiwa kwa ankara uliyotoa, uwe umelipwa au hujalipwa. Ankara tatu za robo ya kwanza zina kodi ya riali 900, na ritani inatakiwa ndani ya siku 30 baada ya robo kwisha. Utapunguza kodi uliyolipia vipuri, lakini kinachobaki unakitoa Aprili, na mteja anakulipa Mei.

Kwa hiyo usitie saini bado. Omba kulipwa baada ya siku 30, hata kwa kupunguza bei asilimia 2. Utapoteza riali 120 kwa mwezi, lakini malipo ya kwanza yatafika katikati ya Machi, ukiwa umetoa 9,600 badala ya 19,200. Omba pia malipo ya awali ya kompresa, pampu ya gesi ya kiyoyozi. Kipuri cha bei kubwa hivyo usikikopeshe.

Kinachochelewesha zaidi ni karatasi. Namba ya LPO, yaani hati ya oda ya mteja, haipo, jina la kampuni halilingani na la kwenye sijili ya biashara, au karatasi ya saa za kazi haina saini ya msimamizi wa kambi. Ankara ikirudishwa, siku zinahesabiwa upya. Fundi wako asiondoke kambini bila saini: wasimamizi hao hufanya kazi kwa zamu, na ukimkosa leo huenda kesho yuko likizo ya wiki mbili.

Na usijidanganye kwamba makandarasi wawili wa kampuni moja ya mafuta ni wateja wawili. Mfuko ni mmoja. Tafuta nyumba, shule, vyumba vya baridi vya wauza samaki, japo wanalipa kidogo.

SWALI: Bei ya mafuta ilipoporomoka kuanzia 2014, Nigeria sarafu ilianguka, lakini riali ya Oman haikutikisika. Je, wafanyabiashara wadogo wa Oman walisalimika?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Hapana, pigo lilipita mlango mwingine. Riali imefungwa kwenye dola, na tangu 1986 ni riali moja kwa dola 2.6, kwa hiyo serikali ilibana matumizi: miradi iliahirishwa na aliyeishi kwa zabuni akakosa kazi. Nigeria, Juni 2015 benki kuu iliwanyima waagizaji wa bidhaa 41 dola za bei rasmi, vijiti vya kuchokolea meno vikiwemo, na mwaka uliofuata sarafu ya nchi, naira, ikaachiwa ifuate soko, ikashuka kutoka 197 hadi takriban 280 kwa dola. Anayeagiza malighafi nje aliumia hata kama wateja wake walikuwepo. Kabla ya kuiga biashara ya nchi ya mafuta, uliza kwanza pigo huingilia wapi.

SWALI: Kikundi chetu kinalima kabichi. Kambi ya mafuta ina watu 500 lakini mpishi anakataa mzigo wetu. Tunakosea wapi?
Katibu wa kikundi, Hoima, Uganda

JIBU: Kwenye ratiba. Mkipanda wote mvua zikianza, mnavuna wote wiki moja, kisha hamna kitu. Jikoni wanataka mzigo uleule kila wiki.

Tuseme kila mtu anakula gramu 300 za kabichi kwa siku: kilo 150, au takriban 190 kabla ya kuondoa majani ya nje na mashina. Kwa wiki ni kilo 1,330, yaani vichwa 665 vya kilo mbili. Wadudu na kuoza vikichukua asilimia 15, pandikizeni miche 800 kila wiki. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, hiyo ni mita za mraba 216. Kabichi inakaa shambani wiki 13, basi gaweni shamba vipande 13. Jumla ni pungufu kidogo ya robo tatu za ekari. Kiangazi bila maji ya kumwagilia, ratiba hii haiendi.

Mpishi atataka risiti na namba ya mlipakodi. Sheria ya Uganda imewatengea wazawa huduma za chakula kwenye miradi ya mafuta, lakini jisajilini katika orodha ya taifa ya wazabuni ya mamlaka ya petroli, maana asiye humo hahesabiki.

Na msikimbilie kununua gari la mkopo la kupelekea mzigo. Ujenzi ukiisha, kambi ya watu 500 hupungua sana, na marejesho ya benki hayapungui. Kodini gari kwa safari, na sehemu ya kila mavuno ipelekeni soko la mjini, hata wiki ambayo kambi ingechukua yote.