Kupanda Hoye-Crest, Kilele cha Maryland: Ushauri kwa Anayekwenda Mara ya Kwanza

Ndugu na jamaa tunaoishi nao hapa Maryland, hasa waliokulia Nairobi, hucheka nikiwaambia kwamba nimepanda kilele cha juu kuliko vyote katika jimbo hili la Marekani. Wana haki ya kucheka, kwani Hoye-Crest ina mita 1,024 tu kutoka usawa wa bahari, ilhali Nairobi imekaa juu ya mita 1,600, kwa hiyo mtu wa huko amekuwa akinunua sukuma wiki mahali palipo juu kuliko kilele hiki tangu utotoni. Hata hivyo nimeshakwenda mara tatu, na mara ya kwanza nilifanya makosa ambayo ningependa msomaji ayaepuke.

Kwanza ieleweke kwamba safari ya kwenda kilele cha Maryland huanzia West Virginia, jimbo jirani. Kilele chenyewe kipo juu ya Mlima Backbone, katika Kaunti ya Garrett, kwenye kona ya kusini-magharibi ya jimbo, lakini njia iliyozoeleka inaanzia kando ya barabara kuu namba 219, ndani ya Msitu wa Taifa wa Monongahela, kusini kidogo ya Silver Lake. Usitarajie geti, kiingilio wala choo. Magari huegeshwa pembeni mwa barabara. Ukitokea upande wa Baltimore, tenga zaidi ya saa tatu za kuendesha, jaza mafuta kabla ya kuingia milimani, na pakua ramani kwenye simu ukiwa bado nyumbani, kwa kuwa mtandao wa huko ni wa kubahatisha.

Njia yenyewe ina urefu wa takriban kilomita 1.6 na inapanda kama mita 210. Sehemu kubwa ni barabara ya zamani ya wakata magogo, pana kiasi cha watu wawili kutembea sambamba wakizungumza, na mtu mwenye afya ya kawaida atafika juu kwa muda usiozidi saa moja. Nilipoambiwa hayo nilivaa raba za mjini zilizokwisha soli. Ilikuwa Oktoba, majani makavu yamefunika mawe yaliyolowa, na kila nilipokanyaga sikujua kama chini kuna udongo au jiwe linaloteleza. Viatu vinavyoshika ardhi na kukaza vifundo vya miguu ndicho kitu pekee ninachokisisitiza kwa yeyote, awe kijana au mzee.

Alama za njia ni herufi HP (High Point, yaani kilele) zilizochorwa kwa rangi nyekundu kwenye miti. Wakati wa kupanda huwezi kuzikosa, kwa sababu unazitafuta. Taabu ni wakati wa kushuka, ambapo mtu hujiona amekwisha maliza kazi. Sisi tulikuwa tukibishana habari za mpira, tukapita mahali ambapo njia inakata kona na kuiacha barabara ya magogo, tukaendelea mbele kwa dakika ishirini nzima. Mke wa kaka yangu ndiye aliyesimama na kuuliza, "Shemeji, mbona zile herufi hatuzioni tena?" Tulirudi kimya kimya. Tangu siku hiyo, kila ninapofika kwenye njia panda wakati wa kupanda, hugeuka nyuma na kuitazama kwa sura nitakayoiona wakati wa kurudi, na ninashauri kila mtu afanye hivyo.

Juu kuna bango la maelezo linaloeleza kwamba kilele kilipewa jina la Kapteni Charles Hoye, mwanzilishi wa chama cha historia cha Kaunti ya Garrett. Pana pia sanduku la barua lenye daftari la wageni. Beba kalamu yako, maana niliyoikuta ilikuwa imekauka wino. Mandhari si ya kutisha, ni upenyo tu kati ya miti unaotazama mashariki, lakini inafaa kukaa pale ukifikiria kwamba mvua inayoanguka upande huo huishia mto Potomac na Bahari ya Atlantiki, na ile ya upande wa magharibi huingia mto Youghiogheny, kisha Ohio, kisha Mississippi, hadi Ghuba ya Meksiko.

Kuhusu majira, mwishoni mwa Novemba wawindaji wa paa huwa msituni, kwa hiyo vaa fulana ya rangi ya machungwa inayong'aa au ahirisha safari. Kuanzia masika hadi vuli adui ni kupe, ambao hueneza ugonjwa wa Lyme: chomeka suruali ndani ya soksi, na ukifika nyumbani jikague mwili mzima kabla ya kulala. Mimi nilimkuta mmoja nyuma ya goti, mdogo kama mbegu ya ufuta. Nilimshika kwa kibano karibu kabisa na ngozi, nikamvuta taratibu bila kumzungusha, akatoka mzima.