Twiga wa kulishwa mkononi, ana raha kweli?

SWALI: Dada salaam, juzi niliwapeleka watoto Haller Park, ile bustani ya wanyama Bamburi, twiga anakula mkononi kabisa na ule ulimi wake mweusi, mke wangu akasema masikini wamefungwa, mi nasema afadhali, chakula bure, simba hakuna. Nani yuko sawa? – Baba Swaleh, Kisauni

JIBU: Kaka, hapa niko na mkeo, ila si sana. Chakula bure ndio, lakini chukua ndovu: utafiti wa 2008 ulilinganisha zuu (bustani za wanyama) za Ulaya na mbuga ya Amboseli, ndovu majike wa Afrika waliozaliwa zuu walikuwa wanafika kama miaka 17 hivi, wa Amboseli waliokufa kifo cha kawaida 56, na huko zuu simba hayuko wala ukame! Unene na stresi ndo vinashukiwa. Ukimwona mnyama kizimbani anayumbayumba kichwa kushoto kulia watoto wanacheka ati anadansi, kumbe ni dhiki hiyo.

Sasa Haller si kizimba cha hivo, ilikuwa machimbo ya simenti ikapandwa miti. Na yule Owen, kiboko mtoto aliyeokolewa kule Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapo Haller akajishikiza kwa kobe aitwaye Mzee, bila mama porini angeponaje?

Wikendi vukeni feri mwende mbuga ya Shimba Hills mkaone palahala, swala mkubwa wa pembe ndefu, Kenya nzima wako huko tu. Ila mkononi hawaji, beba darubini na subira.