Ukienda Venice, lala ndani ya mji

Msomaji mmoja wa Arusha ameniandikia kwamba visa ya Schengen ameshaipata, ana siku tatu za Venice, na ameona hoteli ya bei nafuu Mestre. Anauliza, aichukue? Dada yangu, usiichukue. Wengi wetu hujinyima miaka mingi kwa ajili ya safari moja ya Ulaya, halafu tunaenda kubana euro mahali pasipostahili kubanwa.

Mestre iko bara, na treni hadi kituo cha Santa Lucia ni kama dakika 10 tu. Tatizo ni saa. Wageni wa kutwa hujaa kuanzia saa 4 asubuhi, na jioni wengi wao huondoka. Anayelala Mestre huingia nao na kutoka nao. Aliyelala mjini huwahi soko la Rialto saa 2 asubuhi, Jumanne hadi Jumamosi, samaki wakiwa ndiyo kwanza wamepangwa juu ya barafu, na darajani anapita bila kusukumana.

Hoteli ichague kwa idadi ya madaraja. Mji una madaraja zaidi ya 400, karibu yote ya ngazi, na gari haliendi zaidi ya Piazzale Roma. Sanduku la kilo 23, hata liwe na magurudumu mazuri namna gani, utalibeba kwa mkono kupanda na kushuka. Kwa hiyo kabla hujalipa, mwandikie mwenye nyumba: kituo cha karibu cha vaporetto, yaani basi la majini, ni kipi? Kutoka hapo hadi mlangoni kuna madaraja mangapi? Yakizidi moja, tafuta pengine au punguza mzigo. Anwani peke yake haitoshi, maana namba za nyumba hufuata wilaya nzima, hazifuati njia. Ramani ya simu nayo huyumba kwenye vichochoro vyenye kuta ndefu. Fuata vibao vya ukutani vya Rialto, San Marco na Ferrovia, yaani kituo cha treni cha Santa Lucia.

Kuna pia ada ya kuingia mjini, iliyoanza Aprili 2024. Mwaka 2025 ilitozwa siku 54, saa 2:30 asubuhi hadi saa 10 jioni: euro 5 kwa aliyelipa mapema, 10 kwa aliyechelewa. Wanaolala ndani ya manispaa, Mestre ikiwamo, hawalipi, lakini lazima wajisajili mtandaoni wapate msimbo wa msamaha. Anayelala Padova, mji jirani ulio nje ya manispaa, analipa.

Tiketi moja ya vaporetto ni euro 9.50 kwa dakika 75. Ya saa 24 ni 25, ya saa 72 ni 45. Safari tatu kwa siku zinatosha kuifanya ya siku nzima iwe nafuu. Mwenye umri wa miaka 6 hadi 29 anunue kwanza kadi ya punguzo iitwayo Rolling Venice. Bei hupanda, hakiki kabla ya kusafiri. Kila unapopanda, gusisha tiketi kwenye mashine hadi ilie. Usipofanya hivyo utapigwa faini hata kama ulishalipa. Mfereji Mkuu utazame kwa laini namba 1, na upandie Piazzale Roma inakoanzia, kwa sababu kufika Ferrovia viti vya mbele vimeshakwisha.

Gondola hulipiwa kwa chombo: euro 90 kwa dakika 30 mchana, 110 kwa dakika 35 kuanzia saa 1 usiku, watu wasizidi watano. Kubalianeni dakika na njia kabla ya kupanda, na omba mifereji midogo. Mfereji Mkuu una mawimbi ya motaboti. Kwa euro 2 unaweza pia kuvushwa kwa gondola ya kivuko pale San Tomà.

Ukienda Oktoba hadi Januari, soma utabiri wa maji wa manispaa kila jioni. Zanzibar wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka hadi mita 4. Venice tofauti ni kama mita 1 tu, lakini bamvua ikikutana na upepo wa kusini-mashariki, mji huzama. Tarehe 12 Novemba 2019 maji yalifika sentimita 187. Tangu Oktoba 2020 malango ya baharini yaitwayo MOSE huinuliwa kuyazuia, ila kwa maji makubwa tu. Uwanja wa San Marco uko bondeni na unaweza kulowa kabla malango hayajainuliwa. Beba viatu vya mpira. Vifuniko vya plastiki vinavyouzwa njiani hupasuka upesi.

Kuhusu zawadi: shanga za kioo za Venice zilifika Zanzibar na kwenda bara na misafara ya karne ya 19, kwa hiyo naelewa kwa nini unazitaka. Panda laini 4.1 au 4.2 kutoka Fondamente Nove hadi Murano, kisiwa cha mafundi wa kioo, tafuta nembo ya kioo halisi cha huko, Vetro Artistico Murano, na udai risiti.